Siku Niliyolikataa Jiko

Jamani, hili jambo nalisimulia nikiwa nimejifunika uso kwa khanga, na kama kuna mtu wa Kihesa anasoma hapa na alikuwepo siku ile, namwomba asiongeze chumvi, maana iliyopo inatosha. Kwa kifupi, mimi Devota, mtu mzima na akili zangu, fundi cherehani ninayeheshimika pale Mwanjelwa, nilisimama mbele ya wageni waliotoka Mbeya mpaka Iringa kuja kumposa mtoto wa marehemu kaka yangu, na kwa tabasamu zuri kabisa nikakaribia kumharibia maisha yake, na wakati nafanya hivyo nilikuwa naamini kwamba najipenda.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili mnielewe, ingawa mimi mwenyewe mpaka leo sijajielewa vizuri. Kila ukoo una mtu wake wa jikoni, na wa kwetu ni mimi. Kukiwa na msiba, kipaimara, harusi, ubarikio wa jirani, watu hawaniulizi kama nitapika, wanaulizana wao kwa wao, "Devota ameshafika?" na nikifika nakabidhiwa mwiko kabla sijaulizwa habari za safari. Nami nacheka, nasema hakuna shida, napika mpaka miguu inavimba, halafu narudi Mbeya nalala kitandani naongea peke yangu kama kichaa, nawajibu watu ambao hawapo. Mwaka jana nikaanza kuumwa vidonda vya tumbo. Daktari akaniambia nipunguze mawazo, lakini hakuniambia nayapunguzaje.

Sasa nina jirani pale kibandani kwangu, msusi, binti anaitwa Happy. Siku moja akaniangalia ninavyokunywa dawa, akasema, "Mama, shida yako wewe hujipendi." Nilikasirika sana, kwa sababu kwa Kiswahili ninachokijua mimi, mtu asiyejipenda ni yule anayetoka nyumbani na tongotongo, kisigino kimepasuka, nguo haijapigwa pasi, na mimi naoga na kupaka mafuta kila siku ya Mungu. Nikasema kumbe nimechakaa na watu wananionea aibu kuniambia. Nikaenda nikanunua viatu vya kisigino na wigi refu (lilikuwa la rangi ya kahawia, muuzaji aliniapia kwamba linanitoa). Happy aliponiona alicheka mpaka akakaa chini. Akasema siyo kujipenda huko, ni kule kwa ndani, akanipeleka kwenye semina.

Mwezeshaji alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, na alisema mengi. Alisema tuishi uhalisia wetu. Nikamuuliza aliyekaa pembeni yangu uhalisia ni nini, akaniambia ni kama uhalali lakini wa ndani, basi nikatikisa kichwa na hapo nikapotea moja kwa moja. Kitu kimoja tu nilikielewa, tena nilikielewa sana: ukiombwa jambo usilolitaka, sema hapana, tabasamu, nyamaza. Ukianza kueleza, umeshashindwa. Tukafanya mazoezi wawili wawili. Yule jirani yangu akaniomba viatu vyangu, kwa mazoezi tu, na mimi nikawa nimeshavua kimoja namkabidhi. Mwezeshaji akaja akanishika bega, akasema, "Mama, wewe una kazi kubwa."

Haukupita muda, wifi yangu Mama Oliva akanipigia kutoka Iringa. Oliva ndiye huyo mtoto wa marehemu kaka yangu. Alisoma sekondari akiwa kwangu Mbeya, tukalala kitanda kimoja, na mimi sikujaliwa mtoto, kwa hiyo mnaweza kuelewa Oliva ni nani kwangu. Wifi akasema wazazi wa Lusajo wanaleta posa. Lusajo namjua, kijana mstaarabu wa Kinyakyusa, kila akitoka kwao Tukuyu haji kwangu mikono mitupu, ataleta ndizi au maparachichi. Nilifurahi mpaka nikaacha nguo ya mteja chini ya sindano. Halafu wifi akamalizia, "Na jiko, wifi, tunajua liko mikononi mwako." Nikajibu, "Hakuna shida." Simu ilipokatika nikajipiga kibao cha mdomo.

Safari nzima kutoka Mbeya nilikuwa dirishani najifunza. Hapana. Hapana, wifi. Hapana, asante. Tulipopita Makambako, abiria wa pembeni yangu, mzee wa watu, akaniuliza kwa huruma, "Mama, kwani umeombwa nini?"

Nilifika Kihesa mvua inanyesha na baridi ile ya Iringa inayoingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu na wigi langu, nimejipenda kwa nje na kwa ndani. Wifi akanipokea, "Kamwene, wifi," nikamwitikia "Kamwene," na hapohapo akanionyesha sufuria, kuku waliokwisha kunyonyolewa na mchele wa Madibira kwenye ungo. "Jiko lako hilo." Mdomo nikaufungua niseme hapana, nikasikia unasema, "Ngoja kwanza niweke pochi."

Basi nikawa jikoni, na kisigino changu, namenya vitunguu. Kila anayepita anachungulia. Shangazi, jiko vipi? Shangazi, jiko linaendaje? Mpaka watoto wa jirani wanauliza jiko. Hasira ikanipanda taratibu, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, uamuzi wenyewe hata kijiko haujai: nikasema moyoni, mtu wa kwanza atakayenitajia tena neno jiko, awe nani, anapata hapana yake, na simwelezi kitu.

Wageni wakafika, wakaingia sebuleni. Mimi nilikuwa na wali motoni, sikusikia hotuba zao. Sasa kwetu kuna utaratibu, na naueleza ili mjue ukubwa wa balaa. Wanaume wanaongea kwanza, wanazunguka, wanarushiana mafumbo, wakimaliza anaitwa shangazi wa binti aseme neno lake. Shangazi akikubali, binti anatolewa. Shangazi akikataa, hakuna harusi. Haya yote nayajua, nimeyaona tangu nikiwa msichana, ila ukweli ni kwamba nilikuwa nawaza chakula tu, na nilipoitwa nikajua ni kwa sababu wali umechelewa.

Nikaingia. Kaka Pangrasi, kaka yetu mkubwa, ambaye ni katekista na ana sauti ya chini kama anaungamisha, amekaa katikati. Mshenga alikuwa mzee wa Kinyakyusa mwenye koti refu, na pembeni yake mama wadogo wawili wa Lusajo wameshika soda. Mvua inapiga bati, huwezi kusikia vizuri. Kaka akainua sauti kidogo.

"Shangazi, habari ya jiko unaijua. Sisi wanaume tumemaliza yetu, limebaki neno lako. Unakubali?"

Nikasema ni sasa, Devota, usipojipenda leo hutajipenda tena. Nikatabasamu.

"Hapana."

Nikanyamaza, kama nilivyofundishwa, na tabasamu langu.

"Sijasikia vizuri," Kaka Pangrasi akasema. "Umesema hapana?"

"Hapana, kaka. Nimefikiri sana."

"Kuna sababu?"

"Ipo, lakini siielezi."

Ndugu zangu, nilijisikia mwepesi. Sijawahi kujisikia vile. Mshenga akajisogeza kwenye kiti, akaweka mikono magotini, akaongea kwa upole kama mtu anayetembea gizani anapapasa ukuta. "Mama, sisi ni watu wazima. Huenda tumechelewa, jiko lina mwenyewe tayari. Tuambie tu, hatutakasirika."

Hapa ningenyamaza, pengine ningepona. Lakini mtu aliyekaa kimya miaka yote, ukimfungulia kidogo hawezi kujizuia.

"Mwenyewe?" nikasema. "Baba, jiko hili lingekuwa na mwenyewe ningeshukuru. Kila mtu anaingia, anakula, anafuta mdomo, anaondoka. Hata asante hawasemi."

Mama mdogo mmoja akaweka soda yake mezani, polepole.

"Kila mtu?" akauliza mshenga.

"Mtaa mzima. Na wa Mbeya pia. Mimi ndiye ninayebaki nyuma nasafisha."

Kaka Pangrasi alishika msalaba wake wa shingoni. Nikaona nyuso zao zimebadilika, nikasema moyoni, hatimaye wameniona, wameelewa ninavyoteseka. Nikawaonea huruma, nikataka kuwasaidia. "Ila msikate tamaa," nikawaambia. "Nyumba ya pili hapo kuna Mama Kasiani. Mchukueni yeye."

"Mama Kasiani ni binti wa nani?" mshenga akauliza, akiwa amechanganyikiwa kabisa.

"Siyo binti, ni mjane, ana wajukuu wakubwa. Lakini bado ana nguvu na mikono yake ni safi."

"Kwa kijana wetu Lusajo?"

"Lusajo nitaongea naye mimi mwenyewe. Yule mtoto hana makuu, chochote utakachompa anakula."

Mzee alisimama. Alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, akasema neno moja tu, "Tumesikia," wakatoka wote kwenye mvua. Chumbani kwa ndani nikasikia kitu kimeanguka, halafu mtu analia. Nikajiuliza nani analia siku ya furaha kama hii, na kwa nini wageni wanaondoka kabla ya kula, nikarudi jikoni kifua mbele.

Wifi alinikuta pale. Hakuwa na sura ya mtu ninayemjua. "Wifi," akasema, "mwanangu amekukosea nini?"

"Mwanao yupi?"

"Umesema mtaa mzima."

"Kwani uongo? Kipaimara cha mwaka juzi hawakula?"

Wifi akakaa juu ya gunia la mkaa. Akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu, "Wifi. Wale wamekuja kuomba jiko. Jiko ni Oliva."

Mimi, ambaye kila wiki nasikia pale kwa Happy kwamba fulani amepata jiko, fulani amevuta jiko, na nacheka na kuuliza jiko lenyewe la wapi. Maneno yangu yote yalinirudia moja baada ya jingine, tangu la kila mtu anaingia mpaka lile la Mama Kasiani, na kila moja lilipofika lilikuwa na maana nyingine. Nilihisi haja ndogo inataka kunitoka. Nilimchafua Oliva mbele ya wakwe zake kwa mdomo wangu mwenyewe, huku nikitabasamu.

Nikakimbia. Viatu vile vya kujipenda vilizama kwenye tope la kwanza tu pale getini, nikaviacha vimesimama, nikaendelea peku. Mungu naye alikuwa ameamua kunisaidia, kwa sababu Noah ya wageni ilikuwa imeteleza kwenye mteremko, tairi moja mtaroni, na watu wa mtaani wametoka na miavuli kusaidia kusukuma. Kwa hiyo aibu yangu ilipata watazamaji. Nilipiga magoti kwenye tope mbele ya yule mzee, wigi limeloa limenifunika jicho moja.

"Baba, nisamehe. Nilidhani mnaongelea kupika."

"Kupika nini?" akauliza.

"Wali. Na kuku."

Wale waliokuwa wanasukuma gari waliacha kusukuma. "Nilidhani kaka ananipa jiko la harusi," nikaendelea, "mimi nikakataa la kupikia. Oliva hajawahi kuguswa na mtaa wowote, baba, mtaa huu hata hawamjui, amekulia kwangu. Walaji niliokuwa nawasema ni wa pilau."

Aliyeanza kucheka ni yule mama mdogo aliyeweka soda chini. Alishika mlango wa gari akacheka mpaka mwenzake akamshika mkono. Mshenga hakucheka. Alivua koti lake, akanifunika mabegani, akasema, "Inuka, mama. Maneno ya jiko hayasemewi njiani. Turudi ndani."

Ndani Kaka Pangrasi akataka nieleze kila kitu kuanzia mwanzo, mbele ya wageni, ili pasibaki doa kwa mtoto. Kwa hiyo nikaeleza, mimi niliyeambiwa nisieleze. Nikasema semina, nikasema viatu, nikasema hapana yangu ya kwenye basi. Nilitaka kuishia hapo. Lakini sijui nini kilinivuta, nikasema nimechoka. Nikasema siku ya msiba wa kaka yangu, baba yake Oliva, sikumzika. Nilikuwa nyuma ya nyumba nasonga ugali wa waliochimba kaburi, nikasikia nyimbo za makaburini kwa mbali, na waliporudi wakaniambia chakula kizuri. Kaka yangu wa tumbo moja sikumtupia hata udongo. Hapo nikalia, siyo kilio cha kupendeza, kile cha makamasi.

"Mbona hukusema?" Kaka Pangrasi akauliza.

"Sisi tulidhani unapenda," wifi akasema kwa sauti ndogo. "Ulikuwa unacheka."

Na ni kweli, nilikuwa nacheka.

Kaka akaniuliza upya, na safari hii hakutaja jiko, alitaja jina la mtoto kamili na la ubatizo. Nikasema ndiyo. Mshenga akaomba niseme tena, akasema leo masikio yake hayaamini, nikasema ndiyo kwa sauti iliyozidi mvua. Oliva akatolewa, macho mekundu. Wali ulikuwa umeungua wote, tukala sehemu ya juu, na mzee akasifia ukoko, nadhani kwa adabu tu.

Jioni wageni walipoondoka, nilimfuata Oliva chumbani. Nilitegemea anitukane. Alikuwa anakunja gauni lake.

"Shangazi," akasema bila kuniangalia, "unajua uliposema hapana, nilivua hili gauni?"

"Kwa hasira. Nakuelewa, mwanangu."

"Siyo hasira. Hayo ya mtaa mzima nilisema labda umedanganywa. Lakini hapana yako sikuitilia shaka hata kidogo. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kukusikia unakataa kitu. Nikasema kama shangazi leo amekataa, basi kwa Lusajo ameona jambo baya sana. Nilikuwa nimeshamwandikia ujumbe kwamba basi. Ningemwacha, shangazi."

Ujumbe ule hakuutuma, kwa sababu mtandao ulikatika na mvua. Huo ndio umbali uliobaki kati ya mtoto yule na balaa. Nilikaa kitandani nikiwa sielewi nijichekee au nijipige. Hapana zangu zote za maisha nilizificha, zikajilundika, halafu nikaja kumwangushia Oliva zote siku moja.

Kwa hiyo nimeapa, na nyie ni mashahidi. Hapana zangu sasa nazitoa ndogondogo, kila wiki kidogo, zisije zikajaa tena. Na nazieleza, mwezeshaji anisamehe. Na mtu akinitajia jiko, namuuliza kwanza, la kupikia au la kuoa? Kama huko ndiko kujipenda, sijui. Happy anasema ndiko. Uhalisia wangu nao bado sijauona, ila nimeacha kuutafuta nikiwa nimevaa viatu vya kisigino.

Juzi wifi kanipigia. Kuna ubarikio wa mtoto wa dada yake, akaanza kuzunguka zunguka kama mtu anayetafuta ufunguo, mwishowe akafika kwenye kupika. Nikamwambia, "Hapana, wifi. Miguu inaniuma. Nitakuja, lakini nitakaa kwenye kiti kama wageni wengine." Nikafumba macho nikisubiri.

"Haya," akasema. Halafu akaniuliza kama Mbeya mvua zimeanza, tukaongea habari za mvua. Alipokata nilibaki na simu mkononi, cherehani imesimama, najaribu kuelewa. Miaka yote ile niliogopa kitu gani?